Saisi na Farasi Watatu Ndani ya Wingu

Ambrose Walubengo alikuwa saisi. Kwa miaka mingi aliwaosha, akawalisha na kuwatembeza farasi wa watu katika mazizi ya karibu na uwanja wa mbio, Barabara ya Ngong, na kila jioni alirudi kwake mtaani Silanga akinuka jasho la farasi, harufu ambayo mkewe Nelima alisema haitoki hata mtu umwoshe kwa sabuni ya Omo. Farasi hakuwaogopa. Alishaumwa, akakanyagwa, akarushwa juu ya ua, na kesho yake alikuwa kazini. Alichokiogopa ni kupanda juu. Mabati ya nyumba yao yalipotoboka, Nelima ndiye aliyepanda na kopo la lami. Walubengo alibaki chini ameshika ngazi, macho ameyafumba.

Basi siku bosi wake, Bwana Timothy, alipomwita na kumwambia kwamba atasafiri na farasi watatu kwa ndege, alicheka akidhani ni mzaha.

"Si ni Kavoi huwa anaenda?"

"Kavoi amevunjika bega, umesahau? Na kati ya wengine wote ni wewe tu uko na pasipoti."

Ilikuwa kweli. Pasipoti hiyo aliitafuta zamani alipotaka kwenda Uarabuni kulinda maghala, safari ambayo haikuwa. Sasa farasi watatu walikuwa wameuzwa kwa tajiri mmoja wa nchi ya mbali, nchi ya milima na mvua, na tajiri huyo alitaka waletwe na mtu wanayemjua. Mmoja alikuwa jike wa rangi ya kahawia ambaye masaisi walimbandika jina Bibi Harusi, kwa sababu ya kutembea polepole ameinamisha kichwa kama anayetazamwa na ukumbi mzima. Walubengo ndiye aliyemlea tangu akiwa mtoto. Angeweza kukataa safari, lakini hakuweza kumwazia Bibi Harusi ndani ya sanduku la mbao, angani, na mtu mgeni.

"Funga macho tu," Nelima alimwambia akimkunjia chapati kwenye gazeti. "Si ndivyo huwa unafanya?"

Alicheka, naye Walubengo akacheka.

Ndege yenyewe ilikuwa ya mizigo, ya kampuni ndogo iliyoitwa Mbayuwayu. Haikuwa na madirisha nyuma. Farasi waliingizwa kila mmoja katika kizimba chake, vizimba vikafungwa kwa minyororo sakafuni, na nyuma yao yakapangwa maboksi ya maharagwe mabichi hadi mkiani. Marubani walikuwa wawili. Kapteni Kilonzo alikuwa mtu wa Machakos, mnene kidogo, mwenye sauti ya chini kama ya mhubiri anayeanza maombi. Msaidizi wake alikuwa binti aitwaye Valary, na alipolisikia jina la Walubengo alimsalimia kwa Kiluhya.

"Mulembe, baba. Ni mara yako ya kwanza?"

"Mulembe. Ni ya kwanza, na Mungu akinisikia itakuwa ya mwisho."

Valary alimkalisha kwenye kiti kidogo nyuma yao, mle mle katika chumba cha marubani, akamfunga mikanda, akamvalisha vile visikizio vya masikioni. "Hivi vitapunguza kelele. Utatusikia tukiongea na watu wa mnarani. Ukiboeka, vua."

Hakuvivua. Aligundua kwamba sauti zile zilimtuliza. Kila walipofika mahali, mtu fulani chini, asiyeonekana, aliwaita kwa jina la kampuni na namba ya safari yao, "Mbayuwayu Tano Saba Tano", akawaambia pa kupita, na Valary akayarudia maneno yale yale ili yule mtu ajue amesikika. Walubengo aliona ni utaratibu mzuri. Ni kama mama anayemtuma mtoto dukani na kumwambia, haya rudia, nimekutuma nini? Kila mara alipoenda nyuma kuwanywesha farasi maji na kurudi, alikuta wale watu wa chini bado wako macho, na moyo wake ukapoa kidogo. Bibi Harusi naye alisimama vizuri, masikio mbele, akitafuna nyasi zake.

Saa nyingi zilipita. Walipokaribia mwisho wa safari, mawingu yalifunga. Kioo cha mbele kiligeuka kijivu kitupu, mvua ikaanza kukipiga, na ndege ikatikiswa kama gari kwenye barabara ya mashimo. Kapteni Kilonzo aliwasha taa ndogo, akaweka mikono yote mbele yake.

"Kuna milima pande zote mbili," alisema. "Ndiyo maana hapa hatushuki mpaka tuambiwe."

Walubengo alifumba macho. Lakini masikio hayafumbwi.

Sauti ya mwongoza ndege wa huko ilikuwa ya mwanamume, nayo ilikuwa na haraka. Kiingereza chake kilikuwa kizito, namba zikimezana. Katikati alikuwa akikiacha Kiingereza na kuzungumza kwa lugha ya kwao na ndege za kwao, nyingi, moja baada ya nyingine, na hapo Kilonzo na Valary walikuwa kama viziwi. Hawakujua nani yuko wapi katika wingu lile wala anaambiwa nini.

Kisha wakasikia jina lao. Mbayuwayu, tano... saba... shukeni hadi futi elfu tatu.

"Tunashuka hadi elfu tatu, Mbayuwayu Tano Saba Tano," Valary alijibu.

Kilonzo hakugusa kitu mara moja. "Elfu tatu? Mapema hivi?"

"Ndivyo amesema, Kapteni."

"Mwulize tena."

Valary akauliza. Akataja namba yao, akaomba athibitishiwe elfu tatu. Yakasikika maneno ya lugha ile nyingine, kisha yule mwanamume akarudi kwa Kiingereza: ndiyo, ndiyo, elfu tatu.

"Haya," Kilonzo akasema, na ndege ikainamisha pua.

Walichokuja kukijua baadaye ni hiki. Siku ile kampuni ya Mbayuwayu ilikuwa na ndege mbili katika anga lile. Ya pili ilitoka mji mwingine, na namba yake ilikuwa Tano Tano Saba. Hiyo ndiyo iliyoambiwa ishuke, na ilikuwa upande wa bonde, pasipo na mlima. Marubani wa ndege zote mbili walijibu kwa wakati mmoja, na redio haiwezi kubeba sauti mbili pamoja. Kule mnarani ulisikika mkwaruzo tu, na ndani ya mkwaruzo huo maneno elfu tatu. Mwongoza ndege akaridhika. Valary alipouliza tena, yule mtu alidhani bado anaulizwa na ile ya bonde. Akasema ndiyo. Alikuwa akimjibu mwingine.

Lakini ndani ya ndege hakuna aliyelijua hilo. Walubengo alisikia masikio yake yakiziba, akajua wanakwenda chini, akashukuru. Alimwaza Nelima akipanga sukuma wiki kwenye meza yake ya kuuzia mboga kando ya bwawa la Silanga.

Ndipo ikasikika sauti ya mtu wa nne.

Ilitoka mbele, kwenye mitambo, sauti ya onyo iliyorekodiwa, ya mwanamume asiye na haraka wala hasira. Ilisema kwa Kiingereza: ardhi, ardhi. Kengele ikalia. Vuta juu. Vuta juu.

Walubengo alifumbua macho. Kilonzo alikuwa tayari amesukuma mikono ya injini hadi mwisho na kuvuta usukani tumboni, na shingo yake ilikuwa imetoka mishipa. Injini zilipiga mayowe. Kitu kizito kilimkalia Walubengo kifuani, kikamgandamiza kitini hata hakuweza kuinua mkono. Wingu likachanika upande wa kulia, mara moja tu, na katika ule mwanya aliona mawe. Yalikuwa meusi, yamelowa. Aliona mti uliokuwa umeota kati ya mawe hayo, akaona matawi yake yakipepea, akaona majani. Mti ambao unaona majani yake kutoka ndani ya ndege hauko mbali.

"Yesu," Valary alisema. "Yesu, Yesu, Yesu." Na huku akisema hivyo alikuwa akisoma namba kwa sauti kubwa, jina la Yesu na namba zikifuatana, bila kuyatoa macho kwenye mitambo.

Wingu likafunga tena. Hawakuona kitu. Walubengo alingoja kishindo. Alijua kitakuja kutoka chini, kwenye miguu, na akaikunja miguu yake kama mtoto anayeogopa maji baridi. Alitaka kuomba, akakuta hana neno hata moja. Hata jina la mkewe lilimpotea kwa kitambo.

Kishindo kilikuja, lakini kutoka nyuma.

Kikafuata kingine. Mbao zilipasuka. Farasi alilia, ule mlio ambao mtu akishausikia hausahau, na Walubengo alijua ni nani kabla hajageuka.

"Kapteni! Anavunja kizimba!"

"Keti!" Kilonzo alifoka. Kisha kishindo cha tatu kikaitikisa sakafu, na Kapteni akabadili neno. "Nenda. Akitoka humo atatoboa ndege. Nenda!"

Walubengo alivua visikizio na kufungua mikanda. Ndege ilikuwa bado imeinua pua, kwa hiyo aliteremka nyuma kama mtu anayeteremka ngazi, akishika minyororo. Taa za huko zilikuwa hafifu. Bibi Harusi alikuwa ameanguka magoti ya mbele. Kamba ya kichwani ilimkaza shingo, macho yamemtoka weupe, na kila alipojaribu kusimama alirusha mateke nyuma, na ubao mmoja ulikuwa tayari umevunjika na kumchana mguu. Damu ilikuwa kwenye nyasi.

Kabla ya safari daktari wa mifugo alikuwa amempa Walubengo sindano ya kumtuliza farasi, kwa hali kama hii. Walubengo aliitoa mfukoni. Alijaribu kuvua kifuniko chake kwa meno. Sindano ikamponyoka, ikabingirika chini ya vizimba, ikapotea. Alisimama akilitazama giza ilikoingia. Kwa mara ya kwanza maishani alimwogopa farasi. Mnyama wa uzito ule, akiwa na kichaa cha hofu, humuua mtu bila kumkusudia, na mlango wa kizimba ulikuwa mwembamba.

Aliingia. Baadaye hakuweza kueleza aliingiaje. Aliikata kamba kwa kisu chake, akajitupa juu ya shingo ya yule jike, akamziba jicho kwa kiganja. "Mama, mama, mama," alimwambia, kwa sababu ndilo neno lililomjia. Bibi Harusi alimbana ubaoni mpaka akasikia mbavu zake zikilia. Hakumwachia. Walitetemeka pamoja, hata hakujua ni mtetemeko wa nani. Mwishowe jike akasimama, jasho likimchuruzika, na Walubengo akabaki mle ndani, amemshika kichwa, amekaza miguu yake kwenye mbao.

Kurudi kitini hakungewezekana. Na hapo ndipo hofu kubwa kuliko zote ilipomshika, kwa sababu sasa hakuwa na visikizio. Alihisi ndege ikinyooka. Alihisi ikipinda, ikapinda tena. Kisha masikio yake yakaanza kuziba, na akajua wanashuka mara ya pili, katika wingu lile lile, kati ya milima ile ile, na hajui nani amesema nini. Pengine wameambiwa tena vibaya. Pengine Valary ameuliza na amejibiwa ndiyo. Aliutazama mwanga mdogo wa chumba cha marubani uliokuwa mbali kule mbele, akaona bega la Kilonzo, na alilitazama bega lile kama mtu anayesoma barua. Likisogea kwa ghafla, alishika kichwa cha farasi kwa nguvu zaidi.

Magurudumu yaligonga chini. Alipiga kelele. Hata yalipoanza kuviringika na breki zikalia, bado alikuwa akipiga kelele, mpaka Valary alipokuja akakaa chini nje ya kizimba na kumwambia, "Baba, tumefika. Tuko chini, baba."

Uso wa Valary ulikuwa wa majivu. "Niliuliza," alisema. "Ulinisikia? Nilimwuliza."

"Nilikusikia, mama. Uliuliza."

Kapteni Kilonzo alichelewa kutoka. Alikuwa amekaa kitini kwake, injini zimezimwa, mikono ameilaza mapajani viganja juu. Alisema kwamba mara ya pili hakukubali kushuka hata hatua moja mpaka yule mtu wa mnarani alipoitaja namba yao tarakimu kwa tarakimu, polepole, na kumwambia wako upande gani wa mlima. Mnarani walikuwa wamemweka mtu mwingine wa kuzungumza nao.

Yule wa kwanza alikuja mwenyewe, chini ya mvua, pamoja na maofisa wawili. Walubengo alikuwa amemtarajia mtu mkubwa, mwenye sauti ile ya haraka. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani, na hakuwa na koti. Alimtazama Kilonzo, akamtazama Valary, akamtazama Walubengo aliyejaa damu ya farasi, na akadhani ni damu yake. Alifunika mdomo.

"Nilisikia jibu," alisema kwa Kiingereza chake kizito, na safari hii alikuwa akikisema polepole sana. "Nilifikiri ni wale wengine."

Kilonzo alimsogelea. Kisha akasema, "Na sisi tulifikiri ni sisi," akampa mkono. Wakaondoka na maofisa kwenda kuandikisha maelezo.

Kabla hajaenda, Kilonzo alimwazima Walubengo simu yake apige nyumbani. Nelima alipopokea, Walubengo alitaka kumweleza yote kwa mpango, lakini sauti ilikuwa ikikatika na machozi yakamtangulia. "Nelima, ndege ilitaka kugonga mlima. Farasi ameumia, kuna damu, lakini mimi—" Ofisa akaja kumwita Kapteni, simu ikatakiwa. Walubengo akamrudishia Kapteni, akaenda kumfunga Bibi Harusi mguu, moyo umetulia kwamba mkewe ameshajua.

Nelima, kando ya meza yake ya mboga Silanga, alikuwa amesikia ndege, na mlima, na damu, na mume wake akilia. Kisha simu ikakatika. Alipiga namba ile, haikupatikana. Akapiga kwa ofisi ya mazizi, na kwa kuwa ilikuwa Jumapili hakuna aliyeshika. Aliziacha mboga zake kwa jirani bila hata kuzifunika, akapanda boda hadi Kawangware kwa Nasipwondi, dada mkubwa wa Walubengo, kwa sababu hakujua pengine pa kwenda.

Nasipwondi alikuwa ametoka kanisani, angali na kitambaa chake kichwani. "Alisema nini hasa?" aliuliza. "Rudia vile alisema."

"Alisema ndege imegonga mlima."

"Imegonga ama ilitaka kugonga?"

 Nelima hakukumbuka tena. Kadiri alivyojaribu kuyakumbuka maneno ndivyo yalivyobadilika, na Nasipwondi alipoiona sura yake akashika kichwa na kulia kwa sauti. Majirani wa Gatina, upande ule wa Kawangware, wakaingia mlangoni. Mmoja akaleta chupa ya chai, mwingine akaanza wimbo. Kufikia magharibi kulikuwa na viti nje, na wanaume wakizungumza kwa sauti za chini jinsi maiti hurudishwa kutoka ng'ambo. Nelima alikaa katikati yao, baridi imemwingia mifupani, akitaka kuwaambia wanyamaze, labda yu hai, na akiogopa kulisema lile labda.

Ujumbe kutoka kampuni ya ndege ulifika kwa simu ya Bwana Timothy, naye akampigia Nelima: farasi mmoja ameshonwa mguu, mume wako hana hata mkwaruzo, analala hoteli. Nelima alimfanya alirudie mara kadhaa. Kisha akawaambia watu warudi kwao, na walipokuwa wakiinuka wakimshukuru Mungu, akaanza kuvikusanya viti kimoja kimoja.

Walubengo alikaa huko siku chache mpaka Bibi Harusi akazoea zizi lake jipya, kisha akarudi kama abiria katika ndege kubwa. Hakula. Mwanamke wa kiti cha pembeni alidhani ni mgonjwa, akamshika mkono hadi walipotua.

Wachunguzi walimpigia simu mara moja, akawaeleza alichokiona: mawe, mti, majani. Kampuni ikaibadilisha namba ya ndege moja, isifanane na ya pili. Bwana Timothy alipopata farasi wengine wa kusafirisha, alimwita tena, na Walubengo akamwambia, "Hapana, bosi. Nitatafuta kazi kwingine ukitaka, lakini siendi." Hakufukuzwa. Kavoi akaenda, bega lake limepona. Vijana wa mazizini walimcheka kwa muda, wakimwita Rubani, naye alikuwa akitumia nguvu zake zote kutowaza ule mti.

Siku moja ya Jumamosi Kapteni Kilonzo alikuja mazizini, bila sare, amevaa fulana. Alisema alikuwa akipita tu. Alikuwa amepewa likizo, na likizo ilikuwa inakwisha wiki ile. Walizungumza habari za Valary, ambaye alikuwa amerudi kuruka kabla yake.

"Wewe je?" Walubengo aliuliza. "Utarudi?"

"Nitarudi. Sijui kazi nyingine." Kilonzo alitazama pembeni. "Lakini mtu akiniambia shuka, mkono unakuwa mzito. Hata kwa lifti."

Walubengo alikuwa akimpiga brashi dume mmoja mweusi, mpole, na alimvuta karibu na ua ili mgeni amguse. Kilonzo aliruka nyuma hatua mbili, akajigonga kwenye ndoo.

"Huyo anauma?"

"Haumi."

"Una hakika? Mwulize tena."

Walicheka wote wawili, si sana. Walubengo alimshika farasi kichwa kwa mkono mmoja, akamfunika jicho kwa mwingine, akangoja bila kumhimiza, mpaka Kapteni aliposogea na kuweka kidole kimoja kwenye shingo ile yenye joto.